Kabla ya kupiga makofi, uliza: mradi huu uko wapi kwenye ramani?



Hii picha unaijua. Hema limefungwa tangu asubuhi, viti vya plastiki vimepangwa, kipaza sauti kinakoroma. Mheshimiwa aliyeahidi saa nne anafika saa saba na msafara wake. Dua inasomwa, kina mama wanapiga vigelegele, jiwe la msingi linafunuliwa. Wewe umetoa simu, umepiga picha, umeposti: "Maendeleo mashinani." Kufikia Magharibi watu mia tatu wameipenda.

Sasa pita hapohapo miaka miwili baadaye. Soko lina vibanda vizuri na kufuli zenye kutu. Wachuuzi bado wako kando ya barabara kuu, kwa sababu wateja wanapita pale, hawapiti kule. Ama barabara imeinuliwa kwa lami bila mtaro, na maji ya mvua ambayo zamani yalikuwa yakipita sasa yanaingia chumbani kwa mama yako. Ama kile kiwanja mlichochezea mpira tangu utotoni kina ofisi iliyoishia kwenye linta, na watoto wa leo wanacheza barabarani baina ya bodaboda.

Tukiona hivyo tunasema "wameiba." Mara nyingine ni kweli. Lakini kuna jambo halisemwi sana. Mradi unaweza kujengwa kwa bei ya haki, na mkandarasi halali, risiti zote zikiwemo, na bado ukawa hasara kwako kwa miaka thelathini, kwa sababu uliwekwa mahali pasipo pake. Hasara hii haina mwizi wa kupelekwa kortini. Mkaguzi atahesabu mifuko ya saruji na kukuta imetimia. Maji yataendelea kuingia nyumbani.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa mradi wowote wa kaunti lisiwe "umegharimu ngapi?" Hilo liulize, lakini liwe la pili. La kwanza ni hili: mradi huu unalingana na mpango wa matumizi ya ardhi wa kaunti, ama haulingani?

Usidhani hilo ni swali la wasomi. Ni sheria, na ina meno. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 104, inasema kaunti lazima ipange, na hakuna pesa za umma zitakazotengwa nje ya mipango iliyotayarishwa na serikali ya kaunti na kupitishwa na bunge la kaunti. Kifungu cha 107 kinakaza fundo: mipango ya kaunti ndiyo msingi wa bajeti yote na matumizi yote. Yote. Haikusema "baadhi," haikusema "isipokuwa mheshimiwa akipenda."

Kwa hiyo mradi usio kwenye mpango haukufai kuitwa zawadi. Ni pesa zako zimetumika nje ya sheria, halafu ukaalikwa upige makofi.

Hapa ofisa wa kaunti atacheka kidogo na kukujibu: "Kijana, tulia. Mradi uko kwenye CIDP." Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wetu tunapofungwa mdomo.

CIDP ni mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka mitano. Huu tulionao sasa katika kaunti zetu ni wa 2023 hadi 2027. Ni kitabu kinene, na nyuma yake kuna majedwali ya miradi wadi kwa wadi: zahanati, visima, madarasa ya chekechea, taa za barabarani. Kila mwakilishi wadi aliingiza ya kwake, kila idara ikaingiza ya kwake. Orodha ya namna hiyo inameza chochote. Ukiandika "ujenzi wa soko" kwenye wadi fulani, soko lolote, mahali popote, mwaka wowote, unaweza kudai liko kwenye mpango. Mpango unaokubali kila kitu hauzuii kitu.

Lakini sheria haikuishia kwenye orodha. Kifungu cha 110 kinataka kila kaunti iwe na mpango wa ardhi wa miaka kumi, uliochorwa kwenye mfumo wa ramani wa kompyuta, unaopitiwa upya kila baada ya miaka mitano, na uwe sehemu ya hiyo CIDP. Ramani hiyo ionyeshe mji unaishia wapi na shamba linaanzia wapi. Ionyeshe ni wapi ujenzi na miundombinu ya umma na ya watu binafsi ielekezwe, na ni maeneo gani yanahitaji pesa kwanza.

Unaona tofauti? Orodha inakwambia kitu gani na lini. Ramani inakwambia wapi. Na ugonjwa wetu uko katikati ya hivyo viwili: orodha iko mkononi mwa wanasiasa, ramani iko kwenye kabati la idara ya ardhi, na hakuna anayeviweka mezani kuvilinganisha kabla pesa hazijatoka. Halafu kuna kaunti ambazo baada ya zaidi ya miaka kumi ya ugatuzi zimeshapitisha bajeti baada ya bajeti bila ramani yenyewe kukamilika. Wanajenga gizani na kutuomba tuwashangilie kwa kasi yao.

Kwa hiyo ukiambiwa "uko kwenye CIDP," jibu kwa adabu: "Shukran. Sasa nionyeshe kwenye ramani."

Kuna watakaosema haya ni mambo ya mainjinia, na sisi tuna shida kubwa zaidi: ajira, mihadarati, vijana wetu wanaopotea. Hatuzikani shida hizo. Lakini hebu fikiria anayelipa kosa la ramani ni nani. Anayeishi kwenye mtaa wa ukuta mrefu akifurika ataleta tingatinga lake. Wewe uliye bondeni ndiye unayehamisha magodoro usiku.

Mwaka 2024, kati ya Machi na Mei, mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 Kenya. Nairobi, baada ya maji kupungua, nyumba za kando ya mito Mathare na Mukuru zilibomolewa na serikali. Waliobomolewa ni maskini, wengi wao wakiwa wametoka kufiwa na kupoteza kila walichokuwa nacho. Sasa kumbuka historia ya jiji hilo. Mpango mkuu wa Nairobi wa mwaka 1973 ulitazama hadi mwaka 2000. Mpango uliofuata, unaoitwa NIUPLAN, ni wa 2014 hadi 2030. Katika miaka yote iliyopita hapo katikati, jiji halikuacha kukua. Barabara zilijengwa, mabomba yalilazwa, vibali vilitolewa, mito ikabanwa. Mpango ulipolala, maamuzi hayakulala nao. Na hesabu ilipokuja, haikupelekwa kwa waliotia saini vibali. Ilipelekwa kwa mama wa Mathare.

Njoo Pwani. Hapa kwetu jambo ni zito zaidi, kwa sababu wengi wetu hatuna hati miliki. Mombasa tuna ule utaratibu wa nyumba bila shamba: nyumba ni yako, umeijenga kwa jasho la babu yako, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine. Vijiji vizima Kwale, Kilifi na Lamu vimeishi hapo vizazi kwa vizazi na serikali inawaita maskwota. Mtu asiye na hati ana kinga gani barabara mpya ikichorwa juu ya paa lake? Hana karatasi ya kuonyesha. Kinga yake moja kubwa ni mpango ulioandika wazi kwamba hapa ni makazi, hapa ni diko la wavuvi, hapa ni mikoko, hapa ni makaburi, hapa ni kiwanja cha umma. Mpango ukinyamaza, tingatinga linasema badala yake.

Tena tusidanganyane: mpango wenyewe unaweza kuwa dhuluma. Ukichorwa hotelini na washauri waliokuja kwa siku mbili, unaweza kuandika "eneo la uwekezaji" juu ya kijiji chenye msikiti na kisima. Tumewasikia wenzetu wakisema, "Mpango si wetu, tuuteteeje?" Hoja hiyo tunaiheshimu. Lakini dawa yake ni kuingia chumba cha kuchora, wala si kuuacha mpango ufe. Mpango mbaya ulio wazi unaweza kuupinga, kwa sababu umeandikwa na una ukurasa. Uamuzi uliofanywa kwa simu baina ya watu wawili utaupingia wapi?

Na wapo watakaosema, "Mnachelewesha maendeleo. Watu wanataka maji leo, nyinyi mnaleta ramani." Hii ndiyo kauli tunayoisikia kuliko zote, basi tuijibu sawasawa. Kuna dharura za kweli. Daraja likisombwa, lijengwe. Hakuna anayetaka wagonjwa wangojee kamati. Na mpango si msahafu, mazingira yakibadilika ubadilishwe. Lakini ubadilishwe mchana, bungeni, watu wakisikilizwa, sababu zikiandikwa. Wanachofanya ni kuuvunja kimya kimya kisha kuita uvunjaji huo kasi. Na je, kisima kilichochimbwa karibu na bahari kikatoa maji ya chumvi kimeharakisha nini? Zahanati iliyojengwa mahali pasipo na barabara, pasipo na stima, ikabaki makao ya popo, imemponya nani? Kuwahi njia isiyo sahihi ni kuchelewa.

Tuangalie Lamu, maana Lamu inafundisha pande zote mbili. Lamu ina mpango wake wa matumizi ya ardhi, wa 2016 hadi 2026. Kaunti ndogo, yenye mji mkongwe ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ilikaa chini ikaandika ardhi yake itumikeje. Wakati huohuo ikaletewa mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, eneo la Kwasasi. Ule haukuwa mradi wa kaunti, na hatuutaji kama mfano wa bajeti ya wadi. Tunautaja kwa sababu ya namna ulivyosimama. Wakazi hawakurusha mawe. Walichukua karatasi za mradi, wakazisoma, wakaenda kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, wakauliza: wananchi walishirikishwa wapi? Tarehe 26 Juni 2019 leseni ya mazingira ya mradi huo ikafutwa, na ukosefu wa ushirikishwaji wa kweli ukiwa miongoni mwa sababu kuu.

Mradi wa mabilioni, wenye baraka za serikali kuu, ulikwama kwenye swali la utaratibu. Je, mtaro wa wadi yako uliochorwa kuelekea makaburini utakushinda kuuliza?

Na vijana wa Lamu, tuna neno lenu pekee: mpango huo unaishia 2026. Ule unaofuata mtaukuta umeshachapishwa, ama mtakuwa mezani unapoandikwa? Mombasa vilevile kuna mpango mkuu uliotengenezwa kwa msaada wa Japani, unaotazama hadi mwaka 2040. Kijana wa miaka ishirini leo atakuwa baba ama mama wa familia utakapofika mwisho wake. Ni watu wangapi mtaani kwako wameuona, hata jalada lake?

Basi tufanye nini? Hatukuandika haya ili ukasirike halafu uende kwenye posti inayofuata. Kazi hii inafanyika, na inafanyika na watu watano wenye simu na subira.

Kwanza, jua kalenda yao. Mwaka wa pesa wa kaunti unaanza Julai 1. Kufikia Septemba 1, kaunti lazima iwe imepeleka bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Huo ndio wakati miradi inapotajwa. Kufikia Februari 28 inapeleka taarifa ya sera za fedha, inayoweka viwango vya kila idara. Kufikia Aprili 30 makadirio ya bajeti yako bungeni, na kamati ya bajeti inatakiwa isikilize watu. Ukija kulalamika siku ya jiwe la msingi, umechelewa karibu miaka miwili. Wao wanajua hivyo, ndiyo maana mwaliko wa jiwe la msingi unakufikia na tangazo la kikao cha Septemba halikufikii.

Pili, omba nyaraka kwa maandishi. Katiba, Ibara ya 35, inakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inawapa siku 21 kukujibu. Andika barua ya ukurasa mmoja, uombe vitu vitatu: mpango wa ardhi wa kaunti, orodha ya miradi ya wadi yako kwenye mpango wa mwaka, na kiwanja kilichotengewa kila mradi. Hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa mapokezi. Wakinyamaza, nenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na kama jibu ni kwamba ramani haijakamilika, hiyo peke yake ni habari kubwa. Itangaze.

Tatu, chukua mradi mmoja. Mmoja tu. Nenda mahali penyewe, simama, kisha uuulize maswali haya:

Umeandikwa kwenye mpango wa miaka mitano, na kwa jina gani hasa?
Ramani inasema mahali hapa ni pa kazi gani: makazi, biashara, shamba, njia ya maji, eneo la wazi?
Ardhi hii ni ya nani kisheria, na nani ameitumia miaka yote bila karatasi?
Mvua kubwa ikinyesha, maji yatatoka hapa yaelekee kwa nani?
Ukimalizika, nani atauendesha, na bajeti yake ya mwaka wa pili iko wapi?

Swali la nne usilipeleke kwa injinia peke yake. Mpeleke mzee wa mtaa. Anajua mkondo wa zamani ulipopita kabla yako kuzaliwa.

Nne, andika ulichokuta, bila matusi wala chumvi, upeleke malalamiko rasmi. Kifungu cha 88 cha ile sheria ya kaunti kinakupa haki ya kuwasilisha ombi kwa serikali ya kaunti juu ya jambo lolote lililo chini yake. Ombi lenye picha, ukurasa wa mpango na sahihi za majirani ni gumu kulitupa kuliko posti elfu moja za hasira. Na palipo sawa, sema pako sawa. Mradi uliokaa mahali pake usifiwe kwa jina. Tukipinga kila kitu tutakuwa kelele, na kelele huzoeleka.

Usiseme haya hayajawahi kufanyika kwetu. Kabla hata ya ugatuzi, wakazi wa Changamwe, Mombasa, walifundishwa na MUHURI kukagua miradi ya CDF. Walichukua nyaraka, wakaenda kupima majengo wenyewe, kisha wakayarudisha waliyoyakuta mbele ya umma. Watu wa kawaida. Wakati huo hapakuwa na sheria ya kudai habari kama hii yetu. Sisi tunayo, na simu yenye ramani ya dunia nzima iko mfukoni.

Mwisho ni neno kwetu sisi wenyewe, nalo linachoma. Mheshimiwa amejifunza kwamba tunahesabu mawe ya msingi. Anajua mtaro ulio chini ya ardhi hauna picha nzuri, na ukuta uliopakwa rangi una picha. Anajua kikao cha mpango kikiitishwa tutauliza kama kuna nauli na chakula, na kama hakuna tutabaki maskani. Kwa hiyo anatupa tunachopigia makofi. Tukibadilisha tunachoshangilia, naye atabadilisha anachojenga, kwa sababu kura anazitaka.

Ardhi ni amana. Tuliipokea kutoka kwa watu ambao wengi wao walikufa bila hati, na tutawaachia watu ambao hawajazaliwa. Barabara ikishamwagwa lami mahali pasipofaa, haiondolewi na kura wala na msamaha. Itakaa pale, na mtoto wako atauliza nani aliruhusu maji yapite ndani ya nyumba yenu.

Kwa hiyo safari ijayo hema likifungwa na kipaza sauti kikianza kukoroma, nenda. Kaa mbele. Itikia dua. Na mheshimiwa akimaliza, inua mkono, simama, uulize kwa sauti ya adabu inayosikika mpaka nyuma:

"Mheshimiwa, tunashukuru. Mradi huu uko wapi kwenye ramani?"

Kisha washa kamera. Jibu lake ndilo la kuposti.

Wabillahi tawfiq.